Habeas corpus: mleteni mtu wetu tumwone

Siku hizi habeas corpus imekuwa neno la kila mara kwenye simu zetu. Mtu anatekwa, ndugu zake wanazunguka vituo vyote vya polisi wanaambiwa hapa hayupo, baada ya siku kadhaa mawakili wanatangaza wamefungua maombi ya habeas corpus Mahakama Kuu, sisi tunashea, tunaandika pole, halafu wengi wetu tunapita tukijua hicho ni Kilatini cha mawakili na hakituhusu. Mimi naona kinatuhusu sana, pengine kuliko kitu kingine chochote kwenye sheria tulizoachiwa na Mwingereza, na watu wakielewa kimetoka wapi na kinadai nini hasa, hawatakubali tena yale majibu mepesi yanayotolewa mahakamani na watu wakayameza.

Tuanze na maana. Habeas ni "uwe na", corpus ni "mwili". Yenyewe ni vipande tu vya sentensi ndefu iliyokuwa kwenye amri ya mfalme wa Uingereza kwenda kwa mtu anayemshikilia mwenzake, na sentensi hiyo ilikuwa inasema hivi: uwe na mwili wa fulani mbele ya mahakama yetu siku fulani, pamoja na siku na sababu ya kukamatwa kwake. Basi. Mwili hapa siyo maiti, japo sisi kwa Kiswahili cha taarifa ya habari tukisikia "mwili wa fulani" moyo unashtuka. Ni mtu mwenyewe, mzima, na miguu yake, asimame pale jaji amwone kwa macho.

Ukiisoma vizuri utaona hiyo amri haiulizi kabisa kama huyo mtu ana kosa au hana, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, utaona mtu anaandika "kama hana hatia anaogopa nini, atatoka tu" au "huyo naye alizidi mdomo". Sawa, hata kama alizidi mdomo, hata kama kaiba, hata kama kaua, habeas corpus inauliza vitu viwili tu, yuko wapi na mnamshikilia kwa sheria ipi. Kama sheria ipo mwonyesheni jaji, mtu atarudi mahabusu na kesi itaendelea kama kawaida, na kama haipo basi aachiwe hapo hapo. Jambazi na mwanaharakati wote wanaulizwa swali moja, na kwa kweli ndiyo uzuri wake, maana siku ukianza kuchagua nani anastahili kutafutwa umeshampa mtekaji kazi ya kuchagua.

Sasa hili neno halikuzaliwa kwa ajili ya kumwachia mtu. Enzi za kati kule Uingereza, majaji wa mfalme walikuwa wanatumia amri za namna hii kuwavuta watu waje mahakamani, iwe mshtakiwa iwe wazee wa baraza, yaani ilikuwa kamba ya mfalme ya kukokota watu. Baadaye mahakama za mfalme zikaanza kuitumia kuwatoa watu kwenye magereza ya mabwana wadogo na mahakama nyingine, kwa hoja kwamba kila mtu ni wa mfalme na mfalme ana haki ya kujua mtu wake kafungwa kwa nini. Taratibu kamba ikageuka, na kufika karne ya 17 swali lile lile likawa linamrudia mfalme mwenyewe, wewe je, mtu huyu umemfunga kwa nini?

Mwaka 1627 Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa anataka hela, Bunge halikumpa, akaamua kuwalazimisha watu wamkopeshe. Waliokataa wakatupwa ndani, watano kati yao wakaomba habeas corpus. Mkuu wa gereza akawaleta kweli, akaulizwa sababu, akajibu wameshikiliwa kwa amri maalum ya mfalme. Kosa gani? Hakuna kosa lililotajwa. Na majaji wakawarudisha ndani! Yaani jibu la "amri kutoka juu" ambalo sisi tunalijua sana lina karibu miaka 400 na lilishapita mahakamani likakubaliwa. Wabunge walikasirika, mwaka uliofuata wakamshinikiza mfalme akubali Ombi la Haki la 1628, kwamba mtu asifungwe bila sababu kuonyeshwa, lakini watawala wakatafuta njia nyingine, wakawa wanawapeleka wafungwa visiwani kama Jersey ambako amri ya jaji wa London haifiki kirahisi.

Ndiyo ikaja ile sheria ya mwaka 1679, na mimi huwa naipenda kwa sababu walioiandika walikuwa wamechoka kudanganywa. Haina maneno ya kishairi kuhusu uhuru, imejaa siku, umbali na faini. Gereza likiwa ndani ya maili 20 mfungwa aletwe ndani ya siku 3, likiwa kati ya maili 20 na 100 siku 10, zaidi ya hapo siku 20. Mlinzi wa gereza akikaidi anatozwa pauni 100 yeye binafsi, akirudia pauni 200 na kazi hana. Jaji akikataa kutoa hiyo amri pauni 500, na pesa inaenda kwa mfungwa. Na ni marufuku kumsafirisha mfungwa ng'ambo kumkwepesha mahakama. Inasimuliwa kwamba siku ya kupiga kura kwenye bunge la malodi, yaani makabaila, mhesabuji mmoja alimhesabu lodi mnene kama watu kumi na mwenzake hakushtuka, ndiyo sheria ikapita. Sitaweka mkono wangu motoni kwa hadithi hiyo, ila ile hesabu ya maili na faini ipo kwenye maandishi, na inaonyesha walijua kitu ambacho sisi tunasahau, kwamba haki isiyo na jina la mtu wa kuwajibika wala tarehe ya mwisho ni maneno tu.

Kilatini chenyewe kilitakiwa kufa. Mwaka 1733 mahakama za Uingereza ziliacha kuandika mambo yao kwa Kilatini, wakahamia Kiingereza, na mwaka 1999 kwenye kesi za madai wakafagia tena yale maneno ya Kilatini yaliyokuwa yamebaki ili wananchi waelewe. Habeas corpus haikuguswa. Nadhani sababu ni kwamba lilishakuwa jina la kitu ambacho watu wamekifia, na jina la namna hiyo mtu hulibadilishi kirahisi.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya James Somerset, na niwaombe tukae nayo kidogo. Huyu alikuwa Mwafrika mtumwa, bwana wake Charles Stewart alimleta Uingereza kutoka makoloni ya Amerika mwaka 1769. Mwaka 1771 akatoroka, wakamsaka, wakamkamata mwezi Novemba wakampandisha kwenye meli inaitwa Ann and Mary iliyokuwa imetia nanga mto Thames, kafungwa minyororo humo ndani, safari ni Jamaika akauzwe. Fikiria hiyo hali, meli inasubiri kung'oa nanga, ikishatoka kwenye ule mto ndiyo basi tena, hakuna jaji wala wakili atakayemwona. Waliomwokoa ni watu watatu waliosimama naye alipobatizwa, wazazi wake wa ubatizo, watu wa kawaida kabisa, wakaenda mahakamani wakala kiapo kwamba mtu wetu yuko kwenye meli ile. Amri ikatoka, haikwenda kwa mfalme wala kwa waziri, ilikwenda kwa nahodha, Kapteni John Knowles, kwamba uwe na mwili wa James Somerset mbele yetu. Na nahodha akamleta. Akajieleza kwamba huyu ni mali ya Stewart, nimepewa nikamuuze.

Miezi ikapita mawakili wanabishana, na tarehe 22 Juni 1772 jaji, Lord Mansfield, akasema hakuna sheria ya Uingereza inayomruhusu bwana kumkamata mtu kwa nguvu akamuuze nje ya nchi, huyu mtu aachiwe. Utumwa kwenye makoloni haukuisha siku hiyo, uliendelea mpaka Bunge lao lilipopitisha sheria ya kuufuta mwaka 1833, na hilo tusilifiche. Lakini Somerset alitoka pale na miguu yake. Na angalia nani alifanya nini, watu watatu walikuwa wanajua jina la mtu wao, jina la meli na jina la nahodha, wakaviandika vyote kwenye kiapo kabla meli haijaondoka.

Kwetu lilikuja na mkoloni, lakini mkoloni alilileta kwa mkono mmoja akalificha kwa mwingine. Mwaka 1910 mahakama ya rufaa London iliulizwa kuhusu Sekgoma, chifu wa Batawana kule Bechuanaland ambayo leo ni Botswana, aliyekuwa kazuiwa bila kesi, wakakataa kumsaidia, sehemu ya hoja ikiwa kwamba kule ni nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza tu, siyo ardhi ya mfalme kamili. Yaani ni ardhi ya kutosha kumkamata mtu ila siyo ya kutosha kumhoji aliyemkamata. Wafalme Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walishakamatwa mwaka 1899 na baadaye wakapelekwa Shelisheli, mwanasiasa wa Kenya Harry Thuku mwaka 1922 akatolewa Nairobi akapelekwa Kismayu akakaa miaka bila kesi yoyote. Ni ile ile mbinu ya kisiwa cha Jersey.

Inaniuma kusema kwamba tulipopata uhuru hatukuiacha hiyo mbinu. Tanganyika ilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya bendera kupanda, na ikaandikwa kwamba amri ya Rais chini ya sheria hiyo isihojiwe mahakamani. Kenya nayo ikawa na ya kwake. Uganda mwaka 1966, baada ya Obote kuitupa katiba, chifu mmoja wa Buganda anaitwa Michael Matovu akaomba habeas corpus, na maombi yake yalikuwa na kasoro kibao, hata hayakutaja vizuri yanaelekezwa kwa nani. Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake wakasema kwenye jambo la uhuru wa mtu taratibu za karatasi tutazitupa upepo ubebe, tutasikiliza. Hapo walifanya vizuri sana. Lakini kesi ikageuka ikawa mjadala mkubwa wa kama katiba mpya ya Obote ni halali, wakaleta nadharia za mwanazuoni wa Austria anaitwa Hans Kelsen, wakasema mapinduzi yaliyofanikiwa yanazaa sheria mpya. Mpaka leo wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki nzima wanaisoma ile kesi, wanamjua Kelsen kwa moyo, na Matovu mwenyewe amebaki jina la kesi tu.

Halafu Kiwanuka. Huyu kila Mwafrika Mashariki anapaswa kumjua. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, Obote akaja kumfunga, Amin akamwachia mwaka 1971 na kumpa ujaji mkuu, kwa hiyo ungetegemea mtu wa namna hiyo awe na deni la shukrani na akae kimya. Septemba 1972 wanajeshi wakamkamata mfanyabiashara mmoja Mwingereza, wakati ule Amin kashatangaza vita na kila mgeni, hakuna mtu Kampala aliyekuwa na hamu ya kumtetea Mzungu. Ombi la habeas corpus likaja mbele ya Kiwanuka, akaamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kisheria kumkamata mtu yule, aachiwe. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin wakaingia Mahakama Kuu ya Kampala, siyo nyumbani kwake usiku, mahakamani, mchana kweupe, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake kwa mtutu wa bunduki wakaondoka naye. Hakurudi. Aliuawa na familia haikupata hata mwili wa kuzika. Jaji aliyeamuru mtu aletwe, yeye mwenyewe hakuletwa na mtu. Hivi karibuni mahakama ya Uganda imeanza kufanya mhadhara wa kumkumbuka kila mwaka, na ni jambo jema, ila mimi kila nikisoma mtu anaandika habeas corpus ni usumbufu wa mawakili wanaotafuta kiki, nawaza huyu mzee alilipa nini kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Leo kwenye makaratasi tuko vizuri. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 25 imetaja vitu vinne ambavyo serikali hairuhusiwi kuvipunguza kwa hali yoyote, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya habeas corpus. Imewekwa sentensi moja na utumwa na mateso! Katiba ya Uganda ya 1995 nayo inasema haki hiyo haisimamishwi. Tanzania Bara tunayo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kifungu chake kinagusa mtu anayeshikiliwa isivyo halali iwe na serikali au na mtu binafsi, kwa hiyo hata jamaa aliyemfungia mfanyakazi wa ndani chumbani au kundi lililomficha binti, wote wanaweza kuletewa amri hii. Wengi hawajui hilo.

Shida ipo kwenye neno moja, "hatuna". Ile amri ya zamani ilimkuta nahodha ana meli na mtu yuko ndani, hakuweza kukana. Sasa hivi gari halina namba, waliokamata hawana sare, simu ya mtu imezimwa, halafu wakili wa serikali anasimama anasema mheshimiwa jaji, sisi huyo mtu hatuna. Na mara nyingi sana kesi inaishia hapo, jaji anasema waombaji wameshindwa kuthibitisha kwamba polisi wanaye, maombi yametupwa. Mimi hili silikubali. Mama wa watu atathibitisha vipi kilichomo kwenye chumba ambacho ufunguo anao mwingine?

Kenya mwaka 2024 ilionyesha kwamba inawezekana kwenda zaidi ya hapo. Tarehe 19 Agosti ndugu wawili na mwanaharakati mmoja walibebwa kule Kitengela, polisi wakasema hawawajui. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje mwenyewe ajieleze, hakuja, akaitwa tena hakuja, ikaenda hivyo mpaka mara saba. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akampa siku saba za kujitokeza kabla hakijaanza. Walinzi wa jaji wakaondolewa, Jaji Mkuu Martha Koome na wenzake wakapiga kelele hadharani. Na unajua kilichotokea? Alfajiri ya tarehe 20 Septemba wale watatu wakaachiwa, baada ya siku 32, na siku hiyo hiyo Masengeli akatokea mahakamani akaomba radhi, adhabu ikafutwa. Watu wengine walilalamika kwamba alitakiwa alale ndani hata siku moja, na mimi nawaelewa, lakini naangalia wale watatu wamelala kwao. Siku hazikuwa zimebadilika, serikali ile ile, polisi wale wale, kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja mwenye jina na cheo aliona mlango wa jela unamsubiri yeye.

Kuhusu ushahidi pia kuna njia ilishachongwa. Mwanafunzi anaitwa Manfredo Velásquez alitekwa Tegucigalpa, Honduras, mwaka 1981, ndugu zake wakaomba habeas corpus mara tatu bila kupata kitu, kila siku jibu ni hatuna. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika, na mwaka 1988 mahakama ile ikasema wazi kwamba kwenye kupotezwa kwa watu serikali haiwezi kujificha nyuma ya kukosekana kwa ushahidi wakati ushahidi wenyewe upo mikononi mwake, na kwamba mazingira yakionyesha mtindo unaojirudia yanatosha. Majaji wetu hawafungwi na uamuzi huo ila hakuna kinachowazuia kufikiri hivyo. Familia ikileta kiapo chenye saa, mahali, rangi ya gari na mtu aliyeona pingu, hapo "hatuna" isiwe jibu tena, iwe mwanzo wa maswali. Lete kitabu cha mahabusu cha kituo hicho cha siku hiyo. Nani alikuwa zamu? Magari yenu yalikuwa wapi? Mmemtafuta wapi mpaka sasa, kama kweli hamnaye, maana kumtafuta raia aliyetekwa nayo ni kazi yenu.

Na sisi huku nje, mtu akibebwa tusimalizie nguvu kwenye kushea picha. Saa ngapi, gari gani, walivaaje, walisema wametoka kituo gani, nani aliona na yuko tayari kula kiapo, andika kabla kumbukumbu haijapoa, mpelekee wakili siku hiyo hiyo, na kwenye maombi atajwe mtu kwa cheo chake, mkuu wa kituo, kamanda wa mkoa, Inspekta Jenerali, siyo "serikali" kwa ujumla. Wale wazazi wa ubatizo wa Somerset hawakuishtaki bahari, walimtaja nahodha.